Rangi ya gari jipya: ulikague Dar au Arusha, kwa macho, kipimo au fundi?

Anayenunua gari la zero kilometa akiwa Arusha au Moshi hukaa miezi akilinganisha injini, bei na masharti ya mkopo. Rangi huachiwa dakika chache za mwisho, funguo zikiwa mezani na ndugu wakisubiri kupiga picha. Hapo ndipo mambo huharibika. Kabla hujasaini, doa lililoko mlangoni ni shida ya muuzaji. Ukishasaini na kutoka getini ni shida yako, na wewe ndiye utakayetakiwa kuonyesha kwamba halikutokea kwenye maegesho ya sokoni.

Hapa nalinganisha njia za kukagua: wapi ukague, kwa mwanga upi, na kwa kutumia nini. Ninakoegemea nitasema wazi. Kwa maoni yangu mahali na wakati vinatangulia kifaa. Mwenye macho yake tu, anayekagua gari safi asubuhi kabla ya kusaini chochote, yuko salama kuliko mwenye kipimo kizuri aliyekwisha kusaini jana.

Kasoro zinatoka wapi

Wengi hushangaa kusikia kwamba gari jipya linaweza kuwa na kasoro ya rangi. Kiwandani bodi tupu ya chuma huzamishwa kwenye rangi ya kuzuia kutu inayoshikishwa kwa umeme, ikafuata praima, yaani rangi ya msingi, kisha rangi yenyewe, na mwisho klia, lile tabaka la juu lisilo na rangi. Tabaka zote kwa pamoja mara nyingi huwa kati ya maikroni 80 na 150; maikroni elfu moja ndizo milimita moja. Karatasi moja ya fotokopi ina kama maikroni 100, kwa hiyo mng'ao wote ule unaoulipia una unene wa karatasi hiyo. Klia peke yake, inayobeba mng'ao na kuukinga na jua, ni kama maikroni 40.

Kwenye tabaka nyembamba hivyo, punje ya vumbi ikinaswa wakati wa kupuliza hubaki kama kipele. Rangi ikizidi mahali pamoja huteremka na kuacha mchirizi. Uso mzima unaweza pia kuwa na mawimbi madogo ambayo mafundi huyaita ganda la chungwa. Hayo ya mwisho yapo kidogo karibu kwenye kila gari la kiwandani, na si sababu ya kuligomea. Ukiyakuta sawasawa gari zima, yapokee. Ukiyakuta mlango mmoja tu, na milango mingine ni laini, simama hapo uulize.

Kisha kuna safari. Gari likitoka Japani, Thailand au Durban hukaa melini, bandarini na yadini. Chumvi hutua juu yake, na ndege huacha kinyesi ambacho kikikaa juani hula klia na kuacha kivuli kisichotoka kwa maji. Chembe ndogo za chuma zinazoruka bandarini na barabarani hushika rangi na kupata kutu, ukaziona kama vidoa vya hudhurungi hasa kwenye gari jeupe. Baadaye yadini mtu hulifuta vumbi kwa tambara kavu, na jua likipiga unaona mistari ya mduara kuzunguka mng'ao wake.

La mwisho ndilo linaloniuma zaidi: gari lililogongwa kidogo njiani au yadini, likanyooshwa, likapigwa rangi kimya kimya, na likapangwa mstari mmoja na mengine. Huko halipo tena suala la kipele. Umeuziwa gari lililotengenezwa kwa bei ya gari jipya. Ukaguzi wowote unaouchagua upime kwanza kwa swali hili: je, ungeweza kulitambua gari la namna hiyo?

Dar au huku kwetu

Wauzaji wakubwa wana yadi zao kuu Dar es Salaam. Kwa mtu wa Kaskazini kuna njia mbili. Unapanda basi unalifuata, au unakubaliana nao likuletewe.

Kulifuata Dar kuna faida moja kubwa ambayo watu huisahau: magari mengine ya aina hiyo yapo palepale. Ukikataa moja, muuzaji anaweza kukuonyesha la pili siku hiyohiyo, na meneja mwenye mamlaka ya kuamua yuko ghorofa ya juu. Isitoshe, gari bado halijala vumbi la njiani, kwa hiyo hakuna ubishi kwamba alama hii imetoka Segera au Same. Upungufu wake uko kwako wewe mnunuzi. Umelala kwenye basi au nyumba ya wageni, joto limekuchosha, na kichwani unapiga hesabu ya kutoka mjini kabla foleni haijafunga. Mtu mwenye haraka hakagui rangi, anaipitia tu. Na ukishalichukua, zile kilomita zaidi ya 600 za kurudi Arusha ni zako. Jiwe lolote litakaloruka kutoka kwenye lori ni lako.

Kuletewa gari kunageuza mambo. Unalikagua ukiwa umelala kwako, asubuhi, fundi wako akiwa pembeni, na hakuna anayekusukuma. Ila likionekana na kasoro kubwa, la kubadilisha liko mbali, na maneno ya "tutalishughulikia" huwa mengi. Hapa lazima uulize jambo ambalo wanunuzi wengi hawaulizi: gari litakuja kwa magurudumu yake au litapakiwa?

Likiendeshwa, litapita Chalinze, Segera, Korogwe, Mombo, Same, Mwanga hadi Himo, kwenye barabara yenye malori na mabasi mengi. Ncha ya boneti, bampa la mbele, vioo vya pembeni na sehemu za chini za milango nyuma ya matairi ya mbele ndizo zinazopigwa vijiwe. Wadudu watakauka kwenye bampa, na damu yao ikiachwa juani hula klia kama kinyesi cha ndege. Na geji ya kilomita itasoma mamia kabla hujalikalia. Likipakiwa kwenye trela la kubebea magari, vijiwe hupungua sana, lakini angalia alama za mikanda kwenye matairi na rimu, na sehemu za juu zinazoweza kuguswa na nguzo za trela. Kati ya mawili hayo, mimi ningelipa nyongeza ili lipakiwe, hasa kama ni jeusi au buluu iliyokolea, rangi ambazo kila kijiwe huacha nukta nyeupe inayoonekana kutoka mbali.

Anayenunua gari moja la familia ningemshauri akabidhiwe Arusha au Moshi, kwa sharti moja lililoandikwa kwenye mkataba wa mauzo kabla ya malipo ya mwisho: kwamba ukaguzi na makabidhiano vitafanyika hapa, na madhara yote kabla ya makabidhiano yatabebwa na muuzaji. Sharti hilo lina kazi. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ya Tanzania, Sura ya 214, inamlinda mnunuzi ambaye hajapata nafasi ya kutosha kuikagua bidhaa; hahesabiwi kuwa ameipokea. Lakini sheria hiyohiyo inaziacha pande mbili zikubaliane vingine, na sahihi yako chini ya maneno "nimelipokea gari likiwa katika hali nzuri" ni makubaliano. Usiitie mapema kwa sababu dereva ana haraka ya kurudi Dar.

Kwa kampuni inayochukua magari matatu, manne kwa mpigo, hesabu ni tofauti. Itume mtu Dar, alale huko, akague asubuhi mbili ikibidi, achague yaliyo bora kati ya yaliyopo. Uwezo wa kuchagua ndio unaolipia nauli yake.

Jambo dogo linalohusu njia zote mbili: kagua kabla gari halijasajiliwa kwa jina lako TRA, mamlaka ya mapato. Likishakuwa na namba na kadi yako, hata muuzaji mwema atakuambia kwamba kulibadilisha sasa ni mchakato.

Mwanga wa kukagulia

Hapa Kaskazini tuna bahati ya mwanga wa kila namna, na kila mmoja una kazi yake.

Saa sita mchana jua linasimama karibu utosini. Kwa kuona mistari ya mduara kwenye boneti na paa hakuna mwanga mkali kuuzidi. Lakini ubavuni gari linakuwa kwenye kivuli chake lenyewe, na mng'ao wa juu unakuziba macho. Kibonyeo cha mlangoni unaweza kukipita mara tatu usikione. Saa mbili hadi saa tatu asubuhi jua linakuja kwa ubavu, na kila bonde na kila mchirizi unatoa kivuli. Kama ungeniruhusu saa moja tu, ningechukua hiyo.

Ile hali ya mawingu ya Arusha ya mwezi wa sita na wa saba, ambayo wageni huilalamikia, ni nzuri mno kwa jambo moja: kulinganisha rangi ya paneli na paneli. Mwanga unatoka mbingu nzima bila mng'ao, na fenda iliyopigwa rangi upya ikatofautiana na mlango hata kidogo, itajitokeza. Simama hatua tano nyuma, kisha zunguka, kwa sababu rangi za metaliki zinaweza kufanana ukiwa mbele na kutofautiana ukiwa pembeni.

Ndani ya shorumu zile taa ndefu za dari zina faida yake. Taa iliyonyooka ikionekana imepinda kwenye ubavu wa gari, bati hapo halijanyooka. Nje unaweza kutumia nguzo ya umeme au ukingo wa paa la jengo kwa namna ileile: tazama taswira yake kwenye rangi huku ukitembea polepole. Tochi ya LED nayo ishike karibu na bodi, imulike kwa ulalo, isielekezwe moja kwa moja. Itakuonyesha alama za msasa ambazo mtu alizikandika polishi juu.

Katika mazingira mawili ningekataa kukagua kabisa. La kwanza ni usiku. La pili ni gari lililolowa, iwe ni mvua ya masika au "tumeliosha sasa hivi, bosi". Maji hujaza mikwaruzo na kuificha. Subiri likauke, au rudi kesho. Gari lenye vumbi nalo ni vivyo hivyo, na usimruhusu mtu alipanguse kikavu mbele yako, kwani atakukwaruzia. Lioshwe kwa maji mengi na kitambaa safi cha maikrofaiba, likaushwe, ndipo uanze.

Mazungumzo ya hapo hufanana kila mahali. Unaonyesha kidole, unaambiwa, "Kaka, hilo vumbi tu, ukiosha linatoka." Jibu zuri ni la upole: "Sawa, tuoshe basi, nami nipo." Likitoka, mmemaliza. Lisipotoka, hakuna aliyekosewa heshima.

Macho na mkono

Njia hii haina gharama na inagundua zaidi ya watu wanavyodhani, ilimradi ujue pa kutazama. Watu hukodolea macho katikati ya boneti. Ukweli wa rangi uko pembeni.

Fungua milango yote, boneti na buti. Kiwandani bodi hupigwa rangi kabla ya mipira, vioo, taa na mapambo kufungwa. Kwa hiyo rangi haipaswi kuonekana juu ya mpira wa dirisha, kwenye plastiki ya ndani ya tairi, wala kwenye nyaya. Ukiona vinyunyu vya rangi vilivyokauka juu ya mpira, kuna mtu amepuliza gari likiwa limeshaunganishwa. Pitisha ukucha kwenye ukingo wa ndani wa mlango. Mstari mkavu ulionyooka, kama pale tepu ilipoishia, una maana hiyohiyo. Tazama boliti zinazoshika fenda na bawaba za boneti. Za kiwandani kwa kawaida hazina alama ya spana iliyobandua rangi pembeni. Zikiwa na alama, huenda fenda ile imewahi kufunguliwa. Linganisha nafasi kati ya paneli upande wa kulia na kushoto. Nafasi ya milimita chache ikiwa pana juu na nyembamba chini upande mmoja tu, fuatilia.

Kwa kugusa kuna mbinu ambayo wapolishaji wanaijua. Vaa mkono mfuko mwembamba wa plastiki, ule unaofungiwa mkate unatosha (mifuko ya kubebea ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, lakini wa mkate bado tunao jikoni). Gusa rangi iliyooshwa na kukauka, kwa wepesi, bila kukandamiza. Ngozi peke yake huteleza juu ya chembe, lakini kupitia plastiki unazisikia kama mchanga. Ukizisikia gari zima, ni uchafu wa yadi na safari; udongo laini wa kusafishia rangi huuondoa, na hiyo ni kazi ya muuzaji kabla ya kukukabidhi. Ukizisikia kwenye paneli moja pekee, huenda ni vumbi lililogandia kwenye rangi mbichi gerejini.

Udhaifu wa njia hii ni kwamba fundi mzuri anaweza kuyashinda macho yako. Anayefungua mipira yote kabla ya kupuliza hakuachii ushahidi pembeni.

Kipimo cha unene wa rangi

Hapo ndipo kipimo kinapoingia. Kifaa chenyewe kinashikika mkononi. Juu ya bati la chuma kinatumia sumaku kujua umbali kati ya ncha yake na chuma, na umbali huo ndio unene wa rangi. Juu ya alumini kinatumia mkondo wa umeme. Vya bei nafuu mara nyingi husoma chuma tu, na baadhi ya magari ya leo yana boneti za alumini, kwa hiyo uliza kabla ya kununua au kuazima. Kabla ya kazi kijaribu juu ya bati dogo linalokuja nacho kwenye boksi. Kisiposoma sawa hapo, hakitasoma sawa popote.

Wanaokitumia vibaya hutafuta namba moja ya kutisha. Kitu cha kutafuta ni tofauti. Pima sehemu tano hivi kwenye kila paneli na uandike. Gari likisoma 110 hadi 135 kila mahali halina neno, na la aina nyingine linalosoma 95 hadi 115 halina neno pia. Bali paa likisoma 115, milango 120, kisha fenda ya nyuma ya kushoto ikasoma 240, hapo kuna rangi juu ya rangi. Ikivuka 500 na kupanda hadi elfu, kuna puti chini yake, ile lami ya kujazia bati lililobonyea, na penye puti palikuwa na bonde.

Kipimo kina upofu wake. Hakisomi bampa, maana ni plastiki, nalo ndilo linalogongwa kwanza yadini. Hakioni mkwaruzo, kipele wala tofauti ya rangi. Paneli iliyobadilishwa nzima na kupigwa rangi kwa ustadi inaweza kusoma 130 ikapita. Na kuhusu bampa nisisitize jambo moja, kwa kuwa huleta ugomvi wa bure: bampa la plastiki hupigwa rangi peke yake, kwa joto dogo kuliko bodi, na kwenye rangi za fedha, metaliki na nyeupe ya lulu linaweza kutofautiana kidogo na fenda tangu kiwandani. Kabla hujalishikia bango, mwombe muuzaji akuonyeshe gari jingine la rangi hiyohiyo. Kama nayo iko hivyo, ndivyo ilivyotoka.

Fundi rangi

Kati ya njia hizi tatu, kwa mnunuzi wa gari moja ningempa fundi rangi nafasi ya kwanza. Mtu aliyeshika bunduki ya rangi miaka mingi katika gereji za Unga Limited hapa Arusha au za Moshi mjini anajua namna watu wanavyoficha, kwa sababu kazi yake ya kila siku ni kufanya paneli iliyopigwa rangi upya ifanane na ya jirani yake. Anaona pale klia ilipomalizikia kwenye nguzo ya nyuma, sehemu ambayo mafundi hupenda kuifichia maungio. Anatambua rangi ambayo haijakauka sawasawa kwa harufu na kwa ulaini. Kipimo kikisema 240, yeye ndiye atakayekuambia kama ni urekebishaji mdogo wa mkwaruzo au ni ubavu ulionyooshwa.

Ila fundi ni mtu, na ana riziki ya kutafuta. Anaweza kuikuza kasoro ili kazi ya kuitengeneza ije kwake, au akawa anafahamiana na wauzaji akanyamaza. Dawa yake ni kupatana mapema: unamlipa kiasi fulani kwa kukagua tu, kasoro iwepo isiwepo, na mnaelewana kwamba chochote kitakachopatikana hatakitengeneza yeye. Fundi anayejiheshimu hukubali bila kinyongo. Anayesitasita, tafuta mwingine.

Kipimo ningekishauri kwa ofisi inayonunua mara kwa mara. Mtu wa gari moja akikipata cha kuazima, na wengine waendeshao gereji kubwa wanavyo, akiweke mkononi mwa huyohuyo fundi.

Gari la utalii linalopita kwa mjenzi wa bodi

Arusha ina hali ambayo haipatikani sana kwingine. Land Cruiser mpya inanunuliwa, kisha inapelekwa karakana kukatwa, kurefushwa na kuwekewa paa linaloinuka kwa ajili ya watalii. Kwa hiyo makabidhiano ni mawili, na ukaguzi uwe wa mara mbili. Kagua gari linapotoka kwa muuzaji, andika vipimo na upige picha kabla ya kulipeleka kukatwa. Usipofanya hivyo, kasoro itakapojitokeza baadaye muuzaji atamwonyesha kidole mjenzi, na mjenzi atamwonyesha muuzaji.

Linaporudi, namba zilezile za kipimo zina maana nyingine. Kabini ya kiwandani iliyopigwa rangi ya kampuni juu yake itasoma 230 au 260, na hilo si kosa, ndicho ulichokiagiza. Cha kutafuta sasa ni usawa na ushikaji. Rangi mpya juu ya klia ya kiwandani hushika ikiwa klia ilipigwa msasa kwanza. Isipopigwa, hutoka vipande vipande baada ya msimu mmoja wa Serengeti. Chunguza pembe ambazo msasa haufiki kirahisi, kando ya bawaba, chini ya vishikio vya milango na ndani ya kingo. Kisha nenda kwenye maungio ya kuchomelea na ukingo wa paa linaloinuka. Hapo rangi si urembo. Chuma kilichochomelewa kikaachwa bila praima kwa ndani kitaota kutu masika ya kwanza, hata kama kwa nje kinang'aa.

Kuna chaguo la kupiga rangi gari zima au kulinganisha sehemu mpya tu na kabini. Kulinganisha kunaiacha rangi ya kiwandani ikiwa salama kabinini, na ningechagua njia hiyo kama rangi ni nyeupe ya kawaida. Kwa zile za mchanga na kijani za kampuni, gari zima lipigwe.

Kasoro ikipatikana

Hapa ndipo wanunuzi wakali hujiumiza. Wanaona kipele kwenye boneti, wanadai ipigwe rangi upya, na muuzaji anakubali haraka. Kumbuka klia ya kiwandani imeokwa bodi ikiwa tupu kwa joto la kama nyuzi 140. Gereji haiwezi kufika huko, ingeyeyusha plastiki na kuharibu vifaa vya umeme. Tanuri la gereji nzuri hufika kama 60, na nyingi hukausha kwa hewa tu. Ukibadilisha rangi ya kiwandani kwa sababu ya kipele kimoja umetoa kilicho bora ukapokea kilicho hafifu, na siku ya kuuza kipimo cha mwenzako kitasoma 240.

Kwa hiyo vipele na mistari ya mduara dai polishi, ifanywe na mtu anayejua, mara moja, kwani kila polishi hula maikroni kadhaa za zile 40. Kijiwe kimoja kwenye ncha ya boneti kitiwe rangi ya kichupa yenye namba iliyo kwenye kibati cha gari (kwa Toyota, 040 ni nyeupe ya kawaida na 070 ni nyeupe ya lulu), pamoja na punguzo la bei. Mchirizi mahali pasipoonekana, mimi ningechukua punguzo na kuuacha. Paneli yenye puti, au fenda iliyofunguliwa bila maelezo, usikubali polishi, punguzo wala ahadi. Omba gari jingine. Muuzaji akigoma na mkataba wako unasema gari jipya, Tume ya Ushindani, FCC, hupokea malalamiko ya walaji chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, na utahitaji kumwonyesha mtu karatasi.

Karatasi hiyo iandikwe palepale kwenye fomu ya makabidhiano, juu ya sahihi yako: kasoro ipi, paneli ipi, itatengenezwaje na kufikia tarehe gani, na vipimo kama vilichukuliwa. Mwakilishi wa muuzaji asaini na kupiga mhuri, upige picha fomu pamoja na kila doa lililotajwa huku namba ya chasisi ikionekana kwenye mojawapo ya picha, na nakala moja uondoke nayo.